Navipokea Vyote

Kinu kilikuwa kimelowa.

Marijke Terpstra alisimama jikoni na kikombe cha kahawa mkononi, akakitazama. Kilikuwa kinu kidogo cha jiwe jeusi, cha kutwangia pilipili, na mchi wake mfupi ulikuwa umelala ndani kama kawaida. Tangu kiingie humo nyumbani hakuna aliyekitumia. Marijke hakuwa mtu wa kutwanga. Pilipili yake alinunua ya chupa, tena ile isiyowasha. Mumewe Joost alikuwa Penang kikazi. Mtoto wao Fenna alikuwa na miaka minne na hakuifikia rafu ya juu kilipokaa hata kwa kuruka. Lakini jiwe lilikuwa limelowa, na chini ya mchi palikuwa na ute wa kunata wenye harufu ya yai bichi.

Alikisuuza, akakifudikiza, akasahau. Ndivyo tulivyo sisi wageni wa mikataba hapa Kuala Lumpur. Kila kisichoeleweka tunasema ni unyevu wa hewa. Nguo zikiota ukungu kabatini, unyevu. Mlango ukigoma kufunga, unyevu. Mke akinuna wiki nzima, nao huo ni unyevu.

Kinu kilitoka kwa Birgitte Ravnholt, Mdenmaki wa ghorofa ya ishirini. Kila mwaka shule za wageni zikifunga, nusu ya jengo letu la Seri Angsana huhama, na anayehama hufungua mlango wake ili wanaobaki na wanaoingia waje wachukue vyombo. Usishangae kukuta nyumba ya Mjapani ina sofa ya Mfaransa aliyeitoa kwa Mhindi. Mafeni, majagi, baiskeli za watoto, vyote hupanda na kushuka na lifti miaka nenda miaka rudi, na hakuna anayemjua mwenyewe wa kwanza. Birgitte alikuwa anaondoka na Marijke ana miezi miwili tu tangu afike. Na Marijke, Mholanzi wa kuzaliwa na kukulia, akisikia neno "bure" masikio humsimama.

"Chukua vyote," Birgitte alimwambia. "Sitaki chochote. Ila uniambie kwa mdomo wako. Unavipokea?"

"Navipokea, mpenzi, kwa mikono miwili!"

"Na hiki?" Alikuwa amekishika kinu kwa kitambaa, kama mtu anayeepua sufuria.

"Na hicho. We Birgitte, mbona kama unaniozesha mume?"

Birgitte hakucheka. "Sema basi."

"Haya. Navipokea vyote."

Ndipo Birgitte alipomtia kinu mikononi, na Marijke akamwona akishusha pumzi ndefu. Nyuma yake mlangoni alisimama mwanawe Emil, mtoto wa miaka sita, kimya, nywele nyeupe pe kama pamba. Marijke aliziona nywele zile akawaza tu kwamba watu wa kaskazini kweli wamepauka. Yeye mwenyewe nywele zake zilikuwa rangi ya mahindi mabivu, na za Fenna vilevile.

Sasa Fenna. Huyu mtoto alikuwa halali. Tangu wafike mjini alilia jioni, akalia alfajiri, akapiga mateke, akauma. Yaya wawili walikwishakimbia. "Mama, mimi nimelea watoto saba," alisema yule wa pili akifunga begi lake, "huyu wako ni wa nane na ndiye aliyenistaafisha." Joost alikuwa safarini wiki kwa wiki. Kwao Leeuwarden Marijke alikuwa na kazi yake, alikuwa na mama yake, alikuwa na baiskeli yake. Hapa viza yake ilikuwa ya mke wa mfanyakazi, na kazi yake ilikuwa kusikiliza kilio. Ilifika mahali akaanza kuichukia sauti ya mwanawe wa kumzaa, na kwa hilo alijionea haya, akanyamaza nalo.

Wiki ileile kinu kilipoingia, Fenna akalala. Alilala fofofo, mdomo wazi, mpaka Marijke akaenda kuweka kidole puani mwake kuhakikisha anapumua.

"Bibi kaniimbia," Fenna alisema asubuhi.

Marijke alidhani ni bibi yake wa Leeuwarden, wa kwenye simu. Kwa furaha aliandika kwenye kundi la akina mama wa jengo: "Birgitte, vyombo vyako vina baraka! Fenna analala sasa!" Aliona kwamba Birgitte amesoma. Alingoja jibu, na jibu lililokuja lilikuwa mstari mmoja mdogo wa kijivu: Birgitte ameondoka kwenye kundi. Tulisema Mdenmaki wa watu amechoka na kelele zetu za kuulizana fundi wa kiyoyozi.

Basi jioni moja, adhana ya magharibi ikisikika kutoka msikiti wa ng'ambo ya barabara kuu, Marijke alikuwa chumbani akikunja nguo aliposikia tu, tu, tu. Jiwe juu ya jiwe, polepole, kama mtu mwenye umri asiye na haraka. Akaenda jikoni. Vyombo vya mchana vilikuwa vimeoshwa na kupangwa. Fenna alikuwa sakafuni anachora, ametulia, uso umekunjuka. Hewani palikuwa na harufu ya tambuu na ya uduvi uliochacha, harufu ya jiko la mtu mwingine.

"Bibi anataka yai," alisema Fenna bila kuinua kichwa.

"Bibi yupi?"

"Huyu." Na kalamu yake ikaonyesha pembeni mwa friji, ambapo hapakuwa na kitu ila kivuli, na kivuli kile, Marijke alipokitazama vizuri, hakikufuata umbo la friji.

Mama yeyote angembeba mtoto akatoka mbio, hata kama ni pekupeku. Marijke alifungua friji, akatoa yai, akaliweka kwenye kinu, akarudi chumbani kukunja nguo. Alijiambia ni mchezo wa watoto na kwamba mzazi mwema huingia kwenye mchezo wa mwanawe. Alipotoka, ndani ya kinu palikuwa na maganda makavu tu, na Fenna alikuwa amekwishalala, amefunikwa shuka mpaka kidevuni, pembe za shuka zimechomekwa vizuri kuliko alivyowahi kuzichomeka yeye.

Nitasema wazi, maana hadithi hii haina maana nikilificha: alijua. Hakujua jina la kitu kile, lakini alijua kwamba ni kitu, na alijua kinakula nini.

Kwanza alishuka kutupa takataka tu. Kesho yake alishuka kuchukua kifurushi kwa mlinzi, akakaa kidogo. Wiki iliyofuata alivaa nguo ya kuogelea, akaweka yai kwenye kinu, akafunga mlango taratibu, akabonyeza lifti. Pale bwawani wenzake wakampigia makofi.

"Huyo! Tulidhani umefungwa jela!"

"Nimepata mtu wa kunisaidia," alisema, na neno likamtoka kirahisi mno.

Joost naye, akipiga simu kutoka safarini, aliambiwa hivyohivyo. "Bibi mmoja wa jioni tu. Mtu mzima, mtaratibu."

"Anaitwa nani?"

"Mimi namwita Bibi."

"Mtunze basi, asije akatukimbia huyo."

"Hatakimbia," Marijke alisema.

Pale bwawani alikuwapo Suraya, Mmalay, mwanasheria wa ghorofa ya 3A, yaani ya nne, maana hapa namba nne huogopwa hata kwenye lifti, mama wa Iman aliyesoma chekechea moja na Fenna. Jua likianza kuzama tu Suraya husimama ukingoni na kupiga kelele, "Iman! Magharibi hii! Watoto ndani!" na wenzake wa kizungu humtania kila siku.

"Suraya, mwache mtoto, jini gani atakayepanda lifti bila kadi?"

"Nyie chekeni," husema Suraya akimfunga Iman taulo. "Kwetu saa hii si ya mtoto kuwa nje. Wanatembea." Kisha siku hiyo alimgeukia Marijke, akauliza kwa wema tu, bila ubaya: "Dada, na wako yuko na nani?"

"Yuko na bibi yake."

"Aa, mama yako kaja? Hukuniambia!"

Marijke alichukua kinywaji chake. Aliinua macho juu, kwenye roshani ya nyumba yake, ghorofa ya 13A, kwa sababu ndivyo mtu anavyofanya akitajiwa mwanawe, na pale juu, katika mwanga ule wa zambarau wa baada ya mvua, alimwona Fenna amebebwa ubavuni, amejipweteka kwa raha kama mtoto aliyebebwa na mtu anayemzoea, kichwa begani, mkono mmoja ukining'inia, na aliyembeba hakuonekana uso kwa sababu nywele zake zilimfunika zikashuka mpaka kwenye chuma cha roshani na kupita chini yake, na alikuwa akiyumba, kulia, kushoto, kulia, kushoto, anambembeleza, na kadiri alivyoyumba ndivyo alivyozidi kuegemea nje, mpaka nusu ya mwili wake na mwili wote wa mtoto ulikuwa juu ya hewa tupu, ghorofa kumi na nne juu ya vigae, na wala hakushika popote, na Fenna hakulia, Fenna alikuwa anacheka, kicheko kile kikashuka chini kikiwa chembamba mpaka kwenye sikio la mama yake peke yake, maana wengine wote waliendelea kuzungumzia bei ya jibini.

Marijke alikuwa na kinywaji mkononi. Alikunywa. Alihesabu moyoni kwamba akipanda juu mbio itabidi aseme kwa nini anakimbia. Akabaki kitini mpaka taa za bwawa zilipowashwa, na alipoinua macho tena roshani ilikuwa tupu. Alipanda mwisho, na Fenna alikuwa kitandani, mzima, amechomekwa shuka. Marijke alikaa sakafuni kando ya kitanda akalia kwa aibu, kisha kesho yake akaweka yai.

Mambo yakafunuka kwa sababu ya keki. Suraya alikuja mchana wa mvua na sahani ya keki za nazi na majani ya pandani, bila kubisha hodi sana, kama ilivyo kawaida ya mtu aliyekwishakuwa ndugu. Marijke alikuwa na homa, siku ya nne hajatoka, hajaenda dukani. Fenna alikuwa kwenye zulia.

"Njoo kwa shangazi, mrembo," Suraya alisema, akampakata, akaanza kumchana nywele kwa vidole. Mkono ukasimama. "Dada. Nywele za mtoto zimefanya nini?"

"Jua," Marijke alisema. "Na dawa ya bwawa. Sisi nywele zetu hupauka."

"Jua hupausha ncha, dada. Hizi ni nyeupe kwenye mizizi." Alizigawa polepole, akamwonyesha. Weupe ule haukuwa wa dhahabu iliyofifia. Ulikuwa mvi, mvi za mwanamke wa miaka tisini, kwenye kichwa cha mtoto wa miaka minne, na mama aliyekuwa akizichana kila asubuhi hakuziona kwa sababu kwao watoto weupe wa nywele si habari. Sasa Marijke alimkumbuka Emil mlangoni.

Suraya alikuwa amekwishashika mkono wa Fenna. Kwenye kidole cha pete, upande wa ndani, palikuwa na vitundu vidogo vidogo, vimepangana kama mshono.

Ndipo jikoni kukasikika tu, tu, tu.

"Nani anatwanga?" Suraya alinong'ona.

Marijke aliinamia sahani ya keki.

"Dada, kuna nani humu ndani?"

"Mayai yameisha," alieleza Fenna kwa upole, kama mtoto anayemweleza mgeni mahali pa kuweka viatu. "Kwa hiyo Bibi nampa kidole."

Suraya alisimama na mtoto kifuani, akaanza kusoma aya anazozijua, akarudi nyuma mpaka mlangoni bila kuupa mgongo upande wa jikoni. Siku ile Fenna alilala kwa Suraya. Alilia mpaka asubuhi akimtaka Bibi.

Jumamosi akaja Ustadhi Hamdan kutoka Kampung Baru, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi, anakohoa. Joost alikuwa amerudi, na akaketi kwenye sofa ya Birgitte akiwa na uso wa mtu anayengoja fundi. Alikuwa mtu mwema Joost. Hakuamini neno hata moja, lakini alikuwa ameziona nywele za mwanawe.

Ustadhi aliomba chumvi, ndimu na chupa tupu. Alikizunguka kinu, akakinusa, akatikisa kichwa. "Hiki si kinu tu," alisema. "Hii ni saka. Ni jini la ukoo. Wazee waliliweka limtumikie mtu, kisha mtu akafa na lenyewe halikufa. Haliwezi kukaa bila mwenyewe. Hurithiwa, au hupokewa. Nani alilipokea?"

"Mimi," Marijke alisema. "Sikujua. Nilidhani ni vyombo."

"Hapo huna kosa." Ustadhi akaanza kusoma. Alisoma kwa sauti ya chini, bila mbwembwe, na harufu ya tambuu ikapanda sebuleni mpaka Joost akaziba pua. Fenna, aliyekuwa amelala miguuni pa Suraya, akakaa. Akafungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa kavu, ya mwanamke aliyeishiwa meno.

"Sikuja mwenyewe. Nilipokewa. Nikalishwa. Nikaachiwa mtoto."

"Nani alikulisha?" Ustadhi aliuliza.

"Mwulize."

"Nani alikuachia mtoto?"

Fenna aligeuza kichwa polepole akamtazama mama yake, na akatabasamu tabasamu la mtu mzima mwenye siri ya mwenzake. "Mwulize yeye. Mimi mtumishi tu."

Ustadhi alivua miwani. "Mama, sikiliza. Jambo ni jepesi. Kilichoingia kwa mdomo hutoka kwa mdomo. Sema hapa, mbele ya mumeo na mbele ya dada huyu, ulivyofanya. Useme: nilikipokea, nilikijua, nilikilisha, nikakiachia mwanangu. Kisha useme: sasa nakikataa. Mimi nitaifunga chupa, niitupe mtoni, biashara imekwisha. Lakini useme lote. Ukibakiza neno, litalishika hilohilo lililobaki."

Marijke alifungua mdomo. "Nilikipokea," alisema. Alimtazama Joost. "Nililiona yai... nadhani Fenna alikuwa anaweka mayai. Mchezo wake. Sikujua."

Kile kilichokuwa ndani ya Fenna kikacheka kidogo, he, he, kwa adabu, kama mgeni anayesikia mwenyeji wake akijisifu uongo.

"Sema tu, mpenzi," Joost alisema, akamshika goti. "Hakuna atakayekulaumu. Na kama ni mashahidi, mwite yule bibi wa jioni. Yule ndiye anayeshinda na Fenna, lazima kaona kitu. Mpigie simu aje."

Suraya akainua uso. "Bibi yupi wa jioni?"

Wote wakamgeukia Marijke. Hapo ndipo palipokuwa mlango, wazi kabisa, na mwana wake upande wa pili. Marijke alihisi damu ikipanda shingoni mpaka masikioni, akauona mstari wote wa jioni zile, kiti cha bwawani, kinywaji, kicheko kikishuka kutoka juu, akaona jinsi uso wa Joost utakavyogeuka taratibu akielewa, na jinsi Suraya atakavyokokota mguu wake nyuma asimguse, akaona kwamba angeweza kufa lakini kusema hawezi.

"Aliacha kazi," alisema. "Wiki iliyopita. Sina namba yake."

Ustadhi alingoja. Kisha akakusanya chumvi yake.

Marijke alimsindikiza mpaka kwenye lifti. Mzee hakumkaripia. "Mwanangu, aibu haiui," alisema, macho kwenye namba za ghorofa. "Nimeona watu wakisema makubwa kuliko lako na wakala chakula cha jioni siku hiyohiyo. Namba yangu Suraya anayo. Nipigie hata kwa simu. Huhitaji hata mimi niwepo, anahitaji kuwepo mumeo."

"Na tukiondoka? Tukirudi kwetu?"

"Halihitaji viza. Linamfuata aliyelipokea."

"Hakuna njia nyingine?"

Lifti ilifunguka. "Ipo," alisema Ustadhi. "Wewe mwenyewe ulipitishwa humo. Sitaitaja, na ukiipita usiniambie."

Joost alikitupa kinu kwenye pipa la takataka huko chini. Asubuhi kilikuwa jikoni, kimelowa. Baada ya hapo hakubisha tena. Aliomba kazini wamrudishe nyumbani, wakakubali, mwisho wa mwaka wa shule. Ikabaki miezi ya kungoja, na katika miezi hiyo Marijke hakwenda bwawani hata mara moja. Alishinda na Fenna, akamlisha, akamwogesha, akampakata kwa nguvu, na mtoto alikaa mapajani mwake kwa heshima kama anayepakatwa na mgeni. Mayai yalinunuliwa kwa trei. Yaliliwa, lakini vitundu vya kidoleni havikufunga, maana aliyekwisha kuonja havumilii. Mashavu ya Fenna yakabonyea. Kila jioni Marijke aliishika simu. Kila jioni Joost alikuwa pale mezani, mkono mmoja mbali, anamenya chungwa. Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Huyu alikwishazaa, na bado alificha.

Siku ya kutoa vyombo aliichagua mwenyewe. Aliichagua Suraya akiwa Kelantan kwenye harusi ya mdogo wake.

Watu walikuja, wakachukua mafeni, wakachukua sofa. Mchana akaingia Catalina Undurraga, Mchile, hana mwezi mjini, mtoto wa miezi minne amefungwa kifuani, analia kilio kile cha kukatika pumzi. Macho ya Catalina yalikuwa mekundu. Blauzi ameivaa kinyume.

"Samahani kwa kelele," alisema. "Anaitwa Tomás. Halali. Mume wangu yuko Jakarta, mama yangu yuko Valdivia, na mimi jana nimelia kwenye duka la mboga, mbele ya matikiti."

Nywele za mtoto zilikuwa nyeusi tii, nyingi, zimesimama. Marijke alizitazama akawaza: huyu mvi zitaonekana mapema. Aliliwaza kama faraja, kisha akasikia aibu ya kuliwaza, kisha mkono wake ukachukua kitambaa.

"Chukua vyote vilivyobaki," alisema. "Bure."

"Ee, dada, siwezi. Ni vingi mno. Nikupe hata kitu kidogo."

"Sitaki kitu. Ila uniambie. Unavipokea?"

"Ndiyo, navipokea, Mungu akubariki."

"Na hiki."

"Kizuri! Nitatwangia pilipili." Catalina alikunja uso kidogo. "Mbona umekishika kwa kitambaa?"

"Unyevu," Marijke alisema. "Sema basi. Sema vyote."

Catalina alicheka, cheko la mtu aliyechoka ambaye hajafanyiwa wema siku nyingi, na macho yakamjaa machozi. "Navipokea vyote," alisema, akambusu Marijke shavuni. Kinu kikahama mikono. Marijke alihisi mabega yake yakishuka yenyewe, pumzi ikimtoka ndefu, na nyuma yake, mlangoni, Fenna akaanza kulia kama alivyokuwa akilia zamani.

Leeuwarden Fenna hakulala. Alilia jioni, akalia alfajiri, akapiga mateke, akauma, na Marijke alimbeba akizunguka naye chumba, akiibusu kelele ile, akimshukuru Mungu kwa kila yowe. Vitundu vya kidoleni vilifunga. Mwezi wa pili, kwenye mizizi ya nywele, palichungulia rangi ya mahindi. Joost alilia alipoiona. Alimkumbatia mkewe akamwambia, "Umemwokoa. Sijui ulifanyaje, lakini wewe ndiye uliyemwokoa." Marijke alisimama ndani ya mikono ile akatamani imwangushe.

Asubuhi moja wakiwa wanakula, mvua nyembamba dirishani, simu ililia mezani. Ilikuwa kwenye kundi la akina mama wa Seri Angsana, ambalo alikuwa hajajitoa. Catalina alikuwa ameweka picha ya Tomás amelala, mdomo wazi, shuka mpaka kidevuni, pembe zimechomekwa vizuri. Chini yake ameandika: "Marijke mpenzi, vyombo vyako vina baraka! Tomás analala sasa! Jana nimeshuka bwawani kwa mara ya kwanza!" Wenzake wamejaza mioyo.

Marijke aliikuza picha kwa vidole viwili. Juu ya sikio la mtoto, katikati ya weusi ule, palikuwa na uzi mmoja mweupe.

Namba ya Ustadhi, aliyoichukua kwa Suraya, bado ilikuwa kwenye simu. Joost alikuwa mbele yake, anapaka mkate siagi. Maneno yenyewe hayakuzidi pumzi moja.

"Mama," alisema Fenna, "Bibi kapata mtoto mwingine?"

"Yule bibi wa jioni?" Joost aliuliza, akicheka. "Na nani anakuandikia mapema hivi?"

"Catalina," Marijke alisema. "Anashukuru kwa vyombo."

"Mjibu basi, usiwe na kiburi."

Aliinamisha uso, akabonyeza mara mbili. Huku kwetu Kuala Lumpur ilikuwa ni mchana, mvua inataka kushuka, na sisi sote tuliona mstari mdogo wa kijivu ukitokea chini ya picha ya mtoto aliyelala: Marijke ameondoka kwenye kundi.